Madhara ya Dawa Tumeyahesabu, ya Ugonjwa Je?

Kuna kauli inayotembea kutoka barazani hadi kwenye makundi ya WhatsApp, na kila inapofika hupokewa kama hekima: dawa za akili zinaharibu akili. Ukianza kuzimeza huachi tena. Zitakuzima unyumba, zitakukausha hisia, zitakugeuza msukule. Kwa hiyo mwenye wasiwasi uliopitiliza, au mwenye ugonjwa wa OCD unaomlazimisha kurudia jambo lile lile mchana kutwa, hushauriwa atafute "mbadala". Aende kwa miti shamba, aombewe, afanye mazoezi, na ikishindikana ajikaze tu.

Kauli hii si ya wajinga. Wanaoisema ni walimu, wazee wa kanisa, maimamu, wauguzi, na hata baadhi ya madaktari wa magonjwa mengine. Nusu yake ni kweli, ndiyo maana ni ngumu kuing'oa. Dawa hizi zina madhara, na wanaozitumia wana haki ya kulalamika. Ninachokipinga ni hesabu inayofuata baada ya ukweli huo. Upande mmoja wa mizani wanaweka madhara ya dawa, kisha wanasoma uzito na kutoa hukumu. Upande wa pili, ambako yangekaa madhara ya ugonjwa wenyewe pamoja na madhara ya hivyo vinavyoitwa mbadala, wameuacha mtupu. Muuza nyama akipima namna hiyo, wateja wangemwita mwizi.

Tuanze basi na upande wao, tena tusiwapunje. Dawa zinazotumika zaidi kwa wasiwasi na OCD ni za kundi la SSRI: fluoksetini, setralini, esitalopramu na ndugu zao. Katika wiki za mwanzo huleta kichefuchefu, kuharisha, kuumwa kichwa, jasho, usingizi kupaa au kuzidi. Wapo ambao wasiwasi wao hupanda kwanza kabla ya kushuka. Wahudumu wa afya huyaita haya maudhi madogo madogo, na kweli mengi hupungua baada ya wiki chache.

Lakini yapo ambayo si madogo. Hamu ya tendo la ndoa hushuka na kufika kileleni huchelewa au hukosekana kabisa, na kwa wengi hali hiyo hudumu kwa muda wote wa kutumia dawa. Mwaka 2019 Shirika la Dawa la Ulaya lilitaka karatasi za maelezo ya dawa hizi ziseme wazi kwamba kwa baadhi ya watu tatizo hilo limeripotiwa kuendelea hata baada ya kuacha. Wengine husema hisia zao zimekuwa butu, hawalii msibani wala hawachangamki harusini. Kwa wazee, kiwango cha sodiamu katika damu kinaweza kushuka. Anayechanganya dawa hizi na aspirini au ibuprofeni huongeza hatari ya kutoka damu tumboni.

Kuna pia onyo linalowahusu vijana. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo lake kali kuliko yote juu ya dawa za sonona, zikiwamo hizi za SSRI. Katika majaribio yaliyofanywa kwa watoto na vijana, takriban 4 kati ya 100 waliopewa dawa walipata mawazo au vitendo vya kutaka kujiua, dhidi ya 2 kati ya 100 waliopewa kidonge kisicho na dawa. Hakuna aliyefariki kwa kujiua katika majaribio hayo. Mwaka 2007 onyo likapanuliwa kuwafikia vijana hadi miaka 24. Maana yake ni kwamba kijana anayeanza dawa hizi aangaliwe kwa karibu, hasa wiki za mwanzo, na nyumbani wajue dalili za kuripoti mara moja. Tafsiri ya mtaani kwamba "dawa zinaua watoto" haimo katika takwimu hizo.

Na kuacha je? Mwaka 2024 jarida la Lancet Psychiatry lilichapisha uchambuzi wa tafiti 79 zilizohusu zaidi ya watu 20,000. Kati ya kila 100 walioacha dawa za sonona, 31 walipata dalili kama kizunguzungu, ndoto za ajabu, hasira, au hisia ya shoti ya umeme kichwani. Lakini kati ya kila 100 walioacha kidonge kisicho na dawa, ambacho hakina cha kuachwa, 17 nao walipata dalili. Ukitoa sehemu hiyo, dawa yenyewe inabaki na lawama kwa takriban mtu 1 kati ya 6 au 7. Walioumia vikali walikuwa karibu 3 kati ya 100. Basi wanaosema "hakuna shida ukiacha" wanadanganya, na wanaosema "huachi tena" wanadanganya zaidi. Mraibu hutamani ulevi, huongeza dozi na hukosa usingizi akiiwaza. Hakuna anayevunja duka kutafuta setralini. Mwili uliozoea dawa hushushwa polepole, kwa wiki au miezi, daktari akipunguza dozi hatua kwa hatua. Anayeacha ghafla kwa sababu jirani kamwambia ndiye anayeupata usumbufu ambao baadaye jirani huyo huyo hutolea ushahidi.

Hayo ndiyo madhara ya dawa. Sasa tuweke na ya ugonjwa.

OCD si upenzi wa usafi wala tabia ya kupanga viatu mstari mmoja. Ni mama aliyejifungua ambaye wazo la kumchoma mwanawe kisu humvamia akiwa anamnyonyesha, wazo analolichukia kwa roho yake yote. Anaficha visu vyote vya jikoni na kuogopa kubaki peke yake na mtoto. Ni kijana anayerudia udhu mpaka wakati wa swala unapita. Ni mfanyakazi anayerudi nyumbani kukagua mtungi wa gesi, akifika kituoni anarudi tena, mpaka anafukuzwa kazi kwa kuchelewa. Vigezo vya uchunguzi vinazungumzia muda unaozidi saa nzima kwa siku. Wagonjwa wengi hupoteza saa nyingi zaidi, huku wakijua fika kwamba wanachokifanya hakina mantiki.

Mnasema dawa huzima unyumba. Mtu anayeogopa uchafu hata kumshika mwenzake mkono, unyumba wake uko wapi? Mnasema dawa hukausha hisia. Mama asiyethubutu kumkumbatia mwanawe anazo hisia gani za kufaidi? Mnasema dawa huleta mawazo ya kujiua. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2017, ukiwahusisha wagonjwa wa OCD zaidi ya 36,000, ulikuta hatari yao ya kufa kwa kujiua ikiwa takriban mara 10 ya watu wengine. Karibu kila jambo linalohofiwa kwenye kidonge, ugonjwa usiotibiwa unalifanya tayari, tena bila karatasi ya maelezo. Asiyetumia chochote naye anapata madhara, ila hatujazoea kuyaita hivyo.

Tuje kwenye mbadala. Kosa kubwa la hoja hii ni kuvifunga vitu visivyofanana katika furushi moja. Tulifungue.

Kwanza humo tunakuta diazepamu. Anayekimbia fluoksetini kwa kuhofia uraibu mara nyingi huishia kwenye duka la dawa, ananunua vidonge vya kumtuliza na kumpa usingizi, bila cheti wala maswali. Kinaya chake ni kikubwa. Hii ndiyo dawa ambayo mwili huizoea ndani ya wiki chache, hudai dozi ipande, na ikiachwa ghafla baada ya matumizi ya muda mrefu inaweza kuleta degedege. Kwenye pwani ya Kenya vidonge vya jamii hiyo huuzwa vichochoroni kwa jina la bugizi. Kwa OCD havitibu kiini cha ugonjwa. Lakini kwa kuwa utulivu wake huja ndani ya saa moja, hakuna anayevisema vibaya barazani.

Pili tunakuta miti shamba. Sina ugomvi na mti, kwani dawa nyingi za hospitali zilitoka mitini. Ugomvi wangu ni na dhana kwamba kilichotoka ardhini hakina madhara. Kava, mzizi wa visiwa vya Pasifiki unaouzwa duniani kama kituliza wasiwasi, uliondolewa sokoni Ujerumani mwaka 2002 baada ya taarifa za watu kuharibika maini. St John's wort, ua la Ulaya linalosifiwa mno mitandaoni, hulifanya ini lichakate dawa nyingine kwa kasi, hivyo hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya baadhi ya dawa za ARV. Katika ukanda huu ambako mamilioni ya watu wanaishi kwa ARV, ushauri wa "jaribu tu, ni ya asili" unaweza kugharimu maisha. St John's wort ikichanganywa na SSRI, kemikali ya serotonini inaweza kuzidi mwilini hadi kufikia kiwango cha hatari.

Kidonge kinaonekana kibaya kwa sababu kimeandikwa. Kimepimwa kwa maelfu ya watu, kila aliyetapika akahesabiwa, na hesabu ikakunjwa ndani ya boksi. Chupa ya maji ya kahawia inayouzwa stendi haina karatasi, nasi ukimya wake tunausoma kama usalama. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, wengine wakitokea vitandani hospitalini. Nani katika foleni ile aliuliza madhara? Wale wale wanaosoma karatasi ya setralini kama hati ya mashtaka walikinywa kikombe bila swali.

Tatu ni maombi. Hapa nitasema kwa adabu lakini nitasema. Imani huwapa wagonjwa wengi nguvu ya kuamka asubuhi, na hakuna daktari mwenye akili atakayewanyang'anya. Lakini ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2020 juu ya watu wenye matatizo ya akili wanaofungwa minyororo ilitaja nchi zipatazo 60, Kenya ikiwamo, na miongoni mwa sehemu hizo za kufungia watu kulikuwa na nyumba za maombi. Minyororo nayo ina madhara. Nani ameyaweka kwenye mizani?

Tena wanaompeleka mgonjwa wa udhu kusomewa kila wiki, wakimwambia arudie mpaka moyo utulie, wanakwenda kinyume na wanazuoni wenyewe. Kanuni ya fiqhi inajulikana na kila mwanafunzi wa madrasa kubwa: yakini haiondolewi na shaka. Ibn Qudama aliandika risala nzima ya kuwakemea wenye kufuata wasiwasi katika ibada. Ibn Hajar al-Haytami, alipoulizwa dawa ya wasiwasi, alijibu kwamba ni kuupuuza moja kwa moja, hata ukisukuma namna gani. Ushauri huo unakaribiana mno na tiba, nitakayoieleza mbele, ambayo leo ina ushahidi mkubwa kuliko nyingine zote za OCD. Vilevile mchungaji anayempa muumini uhakika mara kumi kwa siku kwamba hajakufuru anadhani anamfariji, kumbe anaulisha ugonjwa, maana kutafuta uhakika ndiko kurudia kwenyewe.

Nne ni mazoezi, pumzi na kutuliza akili. Katika hili wapinzani wangu wana hoja, na wapewe haki yao. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walilinganisha esitalopramu na mafunzo ya kutuliza akili kwa watu 276 wenye maradhi ya wasiwasi. Baada ya wiki 8 matokeo yalikuwa sawa. Waliopata walau dhara moja walikuwa karibu 79 kati ya 100 kwenye dawa, na 15 kati ya 100 kwenye mafunzo. Mwenye wasiwasi anayeweza kuanzia hapo aanzie hapo, wala asisukumiwe kidonge. Ila tusome masharti. Yale yalikuwa mafunzo ya kila wiki ya zaidi ya saa mbili chini ya mwalimu aliyefunzwa, na mazoezi ya dakika 45 nyumbani kila siku. "Punguza mawazo, nenda kakimbie" si tiba hiyo. Na utafiti ule uliwahusu wenye wasiwasi wa aina mbalimbali, si wenye OCD. Kuhamisha matokeo ya ugonjwa mmoja kwenda kwa mwingine ni kosa lile lile tunalowalaumu wauza vikombe.

Mbadala wa kweli wa OCD upo, na ajabu ni kwamba hautajwi kabisa na wanaopiga kelele ya mbadala. Ni tiba ya kukabili hofu na kujizuia kujibu, iliyoanzia kwa mwanasaikolojia Victor Meyer jijini London, ambaye mwaka 1966 alieleza wagonjwa wake wawili wa kwanza. Mgonjwa na mtaalamu hupanga hofu kuanzia ndogo hadi kubwa. Anayeogopa uchafu hugusa kitasa cha mlango, kisha haoshi mikono. Hofu hupanda, yeye hukaa nayo, na kidogo kidogo ubongo hujifunza kwamba janga lililotabiriwa halikuja, na kwamba hata shaka isipoisha mtu anaweza kuishi nayo. Kesho yake hurudia nyumbani, keshokutwa hupanda ngazi nyingine.

Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watu wazima 122 wenye OCD. Walionufaika kwa tiba hiyo peke yake walikuwa asilimia 62. Kwa dawa ya klomipramini peke yake, asilimia 42. Kwa vyote viwili pamoja, asilimia 70. Kwa kidonge kisicho na dawa, asilimia 8. Zisomeni vizuri takwimu hizo, kwa maana zinazivunja kambi zote mbili. Anayesema dawa pekee ndiyo tiba ameshindwa. Anayesema dawa haifanyi kitu naye ameshindwa. Na anayesema ugonjwa huu utaisha wenyewe kwa kujikaza aiangalie ile asilimia 8. Tiba hii nayo si laini: inatisha, na wapo wanaoikataa au kuiacha njiani. Hakuna kilicho bure.

Nitaambiwa: wataalamu wa tiba hiyo wako wapi? Swali zuri, lakini linamgeukia muulizaji. Mtu anayeamini kwa dhati kwamba dawa ni mbaya angekuwa mstari wa mbele kudai tiba hii katika hospitali za mikoa na kaunti. Wala si ndoto. Jaribio lililochapishwa mwaka 2017 lilionyesha wahudumu wa afya ya jamii jijini Nairobi wakiwasaidia kwa vikao vitano wanawake waliokuwa na msongo, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili. Lingine la mwaka 2020, lililofanyika Moshi na Bungoma, lilitumia washauri wasio na shahada ya saikolojia kuwatibu watoto yatima kwa tiba ya mazungumzo yenye hatua maalumu. Hayo hayakuwa majaribio ya OCD. Lakini yanathibitisha kwamba ujuzi wa namna hii unafundishika hapa hapa, kwa lugha zetu, bila kungoja kila wilaya ipate daktari bingwa.

Mpaka siku hiyo, kwa wagonjwa wengi kidonge ndicho kinachopatikana. Shirika la Afya Duniani limeiweka klomipramini katika orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya OCD. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2008, uliokusanya majaribio 17 yenye watu 3,097, ulikuta wanaotumia SSRI wakiwa na nafasi karibu maradufu ya kupata nafuu ikilinganishwa na wanaomeza kidonge kisicho na dawa. Si muujiza. Wengi hupata nafuu ya sehemu tu, lakini sehemu hiyo huweza kuwa tofauti kati ya kushinda bafuni na kwenda kazini, au ndiyo nguvu ya kuianza ile tiba ya kukabili hofu.

Kuna jambo ambalo mtaa haulijui: OCD mara nyingi huhitaji dozi kubwa kuliko sonona, na nafuu yake hupimwa baada ya wiki 8 hadi 12. Maudhi huja wiki ya kwanza. Anayeacha wiki ya pili amelipa gharama yote na kuondoka kabla ya kukabidhiwa alichonunua, kisha anatangaza kwamba dawa zilimshinda.

Waliosoma kidogo hunijibu kwamba nadharia ya upungufu wa serotonini imekufa, kwa hiyo dawa zake nazo zimekufa. Ni kweli kwamba mapitio ya mwaka 2022 hayakukuta ushahidi thabiti wa nadharia hiyo kwa sonona, na walioitangaza kama jambo lililothibitishwa wanastahili lawama. Lakini watu walijua dawa inafaa kwa kuhesabu waliopona na wasiopona. Maelezo ya kwa nini inafaa huja baadaye na hubadilika. Parasetamoli imeshusha homa za vizazi kabla wanasayansi hawajakubaliana inafanyaje kazi.

Lawama iliyobaki ni ya zahanati na hospitali, nayo ni nzito. Kauli ya mtaani inastawi kwa sababu chumba cha daktari kiko kimya. "Meza hivi, rudi baada ya mwezi," basi. Hakuna aliyemwambia mume kwamba unyumba unaweza kuyumba, kwa kuwa daktari aliona haya. Yanapomtokea, anahisi amelaghaiwa, na ana haki. Hakuna aliyemwambia kwamba dozi inaweza kupunguzwa, dawa ikabadilishwa, au muda ukaamua. Wengine wameandikiwa amitriptilini kwa wasiwasi, kwa OCD, kwa usingizi na kwa mgongo, kwa sababu tu ndiyo iliyoko kabatini. Na juu ya yote kuna aibu: kutaja hospitali za akili za Mirembe, Mathari au Kidongo Chekundu bado ni tusi la kumtupia mtu. Mgonjwa anayekwenda kimya na kurudi kimya atapata elimu yake wapi, kama si barazani?

Kwa hiyo ninawaomba wasomaji wabadilishe swali. Msiulize tena kama dawa ina madhara, maana jibu ni ndiyo, leo na kesho. Kwa kila kitu mtakachopewa, kiwe kidonge, kikombe, mzizi, dua au kikao cha mazungumzo, ulizeni haya. Kinatibu ugonjwa gani hasa, na nani wamewahi kuhesabiwa wakipona? Madhara yake ni yapi, na nani ameyaandika? Nikitaka kukiacha, nitaachaje? Na nisipofanya lolote, mwaka ujao nitakuwa katika hali gani? Ambaye tayari anatumia dawa asiache leo kwa sababu ya makala wala kwa sababu ya jirani. Arudi kwa aliyemwandikia na kumuuliza maswali hayo manne ana kwa ana.

Asiyeweza kuyajibu, awe amevaa koti jeupe, kanzu au kola ya uchungaji, hana haki ya kumwambia mgonjwa ameze, wala hana haki ya kumwambia aache.